Granola ya Nyumbani: Moto Mdogo, Asali Kidogo

Kama nyumbani kwako yupo mtu anayejua kukaanga karanga zikaiva hadi ndani bila kuungua nje, granola haitawashinda. Kazi ni ile ile: vitu vikavu, moto wa taratibu, mkono usiochoka kugeuza na jicho lisiloondoka jikoni. Kinachoongezeka ni asali na mafuta kidogo ya kushikanisha. Nalisema hili mapema kwa sababu familia nyingi za mjini huiona granola kama kitu cha rafu ya juu dukani, cha kununuliwa mwisho wa mwezi na kugawiwa watoto kwa kijiko, na boksi likiisha watu warudi kwenye mkate na chai. Wakati huo huo karanga ziko jikoni, nazi iko kapuni, ufuta unauzwa sokoni kwa kopo, na chupa ya asali imekaa kabatini. Kitu cha lazima kutoka dukani ni oti peke yake.

Sababu yangu kubwa ya kuwahimiza si gharama, ingawa gharama ipo. Ni sukari. Chukua boksi lolote la granola, ligeuze nyuma, usome kiasi cha sukari kwa kila gramu 100. Si ajabu kukuta gramu 20 au zaidi. Kisha soma orodha ya vilivyomo. Viungo hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia, na mara nyingi utaona utamu umegawanywa katika majina matatu au manne: sukari, glukosi, asali, sharubati ya hiki na kile. Kila jina likisimama peke yake huonekana dogo na kusogea chini ya orodha. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na likaona ni bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5, yaani gramu 25 hivi au vijiko sita vya chai kwa mtu mzima. Asali nayo imo katika hesabu hiyo, kwa hiyo tusijidanganye kwamba kitu kikiitwa cha asili kinakuwa si sukari. Tofauti ni kwamba nyumbani kijiko kiko mkononi mwako.

Chakula hiki hakikuanza kikiwa kitamu hivyo. Mwaka 1863, huko Dansville katika jimbo la New York, Dakta James Caleb Jackson aliwatengenezea wagonjwa wake chakula cha unga wa ngano isiyokobolewa, kikaokwa, kikavunjwa vipande, kikaokwa tena. Kilikuwa kigumu kiasi cha kulazimu kulowekwa usiku kucha. Baadaye John Harvey Kellogg wa Battle Creek, Michigan, akatengeneza cha kwake kwa kuchanganya ngano, oti na mahindi. Alianza kwa kutumia jina la Jackson, Granula, na kufikia mwaka 1881 akawa analiita granola. Kwa hiyo anayepunguza asali au anayeingiza nafaka ya kwao hajaharibu kitu.

Tuanze na vipimo. Oti huuzwa mara nyingi kwa pakiti ya gramu 500, nami napenda kuifanya pakiti nzima kuwa kipimo, isibaki robo ya kuingia wadudu. Kwa pakiti hiyo, tafuta karanga, korosho na mbegu za aina yoyote zifike gramu 200 kwa pamoja. Nazi kavu iliyokunwa gramu 75, yaani kikombe kimoja hivi. Mafuta ya kupikia mililita 120, ambayo ni nusu kikombe. Na asali nusu kikombe. Ongeza kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kisichojaa sana, na viwili vya mdalasini wa unga. Utapata karibu kilo moja. Ukiigawa kwa gramu 40 kwa mtu mmoja, ambayo ni kiasi cha kutosha asubuhi pamoja na maziwa na tunda, hapo pana bakuli 25, na kila bakuli limebeba sukari ya asali inayozidi kidogo tu kijiko kimoja cha chai. Nyumba yenye watoto waliozoea utamu mwingi inaweza kuanza hapa na kupunguza kidogo kidogo. Ila usishuke chini ya robo kikombe kwa kipimo hiki, kwa sababu asali ndiyo inayofanya oti ziwe kavu na zenye mlio mdomoni. Bila hiyo unapata oti za kukaangwa, ambazo ni chakula kizuri lakini si granola.

Chumvi msiiache. Wengi huiona haina kazi kwenye kitu kitamu, kumbe ndiyo inayokuwezesha kupunguza asali bila mlaji kulalamika.

Kuhusu oti zenyewe, nunua zile zenye vipande vikubwa, bapa, ambazo ukizishika unaziona punje moja moja. Zile za kuiva kwa dakika moja zimesagwa ndogo sana. Hunywa mafuta yote haraka, huungua kabla hazijakauka, na mwisho hugeuka vumbi chini ya chupa. Kama dukani zipo hizo tu, zitumie, ila punguza muda wa moto na uwe mwangalifu zaidi.

Kwenye karanga nitakaa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo penye hatari ya kweli. Karanga na mahindi hushambuliwa na kuvu wanaotoa sumukuvu, na sumu hiyo haina rangi wala ladha ya kukuonya. Mwaka 2004 nchini Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 125 walifariki kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Mwaka 2016 ikawa zamu ya Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Hayo yalikuwa mahindi, lakini sumu inayotoka kwenye karanga ni ile ile, na kula kidogo kidogo kwa miaka huumiza ini. Watu hudhani moto huimaliza. Moto wa kukaangia huipunguza tu, hauiondoi. Kinga iliyo mikononi mwetu ni kuchagua. Nunua karanga ambazo hazijakaangwa, kwa muuzaji anayezihifadhi pakavu, usinunue zilizokwisha kusagwa. Mwaga kwenye ungo, mchana, mahali penye mwanga wa kutosha, uchambue moja moja. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyovunjika ikawa nyeusi kwa ndani, yenye ukungu au iliyotobolewa na mdudu, itoe. Usizipe kuku, kwa kuwa sumu huwadhuru na wao. Ukionja moja ikawa chungu, iteme. Fundo zima likiwa na harufu ya uvundo, lirudishe kwa muuzaji au litupe lote. Fedha iliyopotea hapo ni ndogo. Hii ni kazi nzuri ya kufanya na watoto wakubwa, na wakijifunza kwenye granola watachambua hivyo hivyo karanga za mboga.

Korosho ni rahisi zaidi. Chukua zilizobanguliwa zikiwa bado nyeupe, zile za vipande, kwa kuwa ni nafuu kuliko nzima na huku utazikata hata hivyo. Kama umepata zilizokwisha kukaangwa, usiziingize mwanzoni. Subiri dakika kumi za mwisho. Mbegu za maboga mnazozitoa kwenye boga la futari zinafaa sana zikioshwa, zikaanikwa na kumenywa. Mbegu za alizeti na ufuta hujaza nafasi kwa bei ndogo, na ufuta una faida yake ya kujibandika kwenye kila punje. Walio karibu na milima ya Kilimanjaro na Usambara wana kweme, na sijui mbegu nyingine yenye ladha nzito kama ile, ikatekate ndogo.

Nazi iwe kavu. Nazi iliyokunwa sasa hivi kwenye mbuzi ina maji mengi, na ukiichanganya mbichi itazifanya oti zote zichelewe kukauka na kuondoka na unyevunyevu. Ikaushe kwanza peke yake kwenye kikaango, kwa moto mdogo, ukigeuza mpaka iache kutoa mvuke. Lakini lipo jambo bora zaidi ambalo nyumba nyingi za pwani zinalitupa: machicha. Ukishakamua tui la kwanza na la pili, yale machicha yaliyobaki yakamue sana kwa kitambaa, yatandaze kwenye sinia, yaanike juani au uyakaushe kwenye kikaango mpaka yawe mepesi na yachambuke. Mafuta mengi yameshaondoka na tui, kwa hiyo hayachachi haraka, na kwenye granola huleta mlio mzuri kuliko nazi nzima. Hata nazi ya wali wa jana inaweza kukupa kiamsha kinywa cha wiki.

Mafuta yoyote ya kupikia yasiyo na harufu kali yatafaa. Ya alizeti ni mazuri na yapo kila mahali. Ya nazi yanaleta ladha ya kwake. Mafuta ya samli yana utamu wake pia, ila granola yake imalizeni mapema. Kwenye asali, tazama uzito. Asali nyepesi inayomwagika kama maji ina maji mengi, au imechanganywa na kitu. Itahitaji moto wa muda mrefu zaidi. Asiyekuwa na asali aponde sukari guru, aiyeyushe kwa vijiko viwili vitatu vya maji, aichuje kwa chujio la chai na aitumie kwa kipimo kile kile.

Sasa mchanganyo. Pasha asali na mafuta pamoja kwenye sufuria ndogo mpaka asali ilegee. Usichemshe. Tia chumvi, mdalasini, na ukipenda iliki ya kusagwa nusu kijiko cha chai au tangawizi kavu. Mimi huona iliki ndiyo inayoifanya granola ya kwetu iwe ya kwetu, na harufu yake ikishatoka jikoni hutahitaji kumwita mtu mezani. Mimina juu ya oti, karanga na mbegu kwenye beseni pana, ukoroge mpaka pasibaki punje kavu hata moja. Chukua muda hapa. Punje ambayo haikupata mafuta itaungua, na iliyopata asali nyingi itaganda kama jiwe. Nazi kavu isubiri. Huwahi kuungua kuliko kila kitu.

Mwenye oveni aiwashe nyuzi 150, si zaidi. Asali hugeuka rangi na kuungua mapema kuliko sukari ya kawaida, na kwenye moto mkali utapata granola iliyo nyeusi nje na laini ndani. Tunataka maji yatoke kwanza, rangi ije baadaye. Tandaza kwenye trei mbili, unene usiozidi kidole kimoja kilicholazwa. Baada ya dakika 15 geuza, ukileta za pembeni katikati, kwa sababu pembeni ndiko huanza kuiva. Geuza tena baada ya dakika kumi, na hapo ndipo uingize nazi. Kati ya dakika 30 na 40 itakuwa na rangi ya dhahabu. Oveni zinatofautiana, kwa hiyo pua ikusaidie: harufu ikihama kutoka ya asali kwenda ya karanga zilizoiva, simama pale pale.

Wengi wetu hatuna oveni, na sipendi mapishi yanayowaacha wasomaji hao nje. Njia ya kwanza ni kikaango kizito au sufuria pana ya chini bapa. Gawa kipimo mara mbili, maana kikijaa sana chini kutaungua na juu kubaki mbichi. Kaanga karanga na korosho kwanza zikiwa kavu, bila mafuta, uzitoe. Kaanga oti kavu kwa dakika nane au kumi ukikoroga muda wote mpaka zibadilike rangi kidogo na zitoe harufu, uzitoe nazo. Kisha chemsha asali na mafuta humo humo mpaka yatoe povu, rudisha kila kitu pamoja na nazi, punguza moto kabisa, ukoroge dakika tano hadi nane nyingine. Mimina kwenye sinia mara moja, usiiache kikaangoni, kwa kuwa chuma cha moto huendelea kupika hata jiko likizimwa. Granola ya namna hii haitengenezi mabonge makubwa, ila ladha yake haina upungufu wowote.

Njia ya pili ni ya makaa juu na chini, ile ile ya kuokea mkate wa kumimina. Chini weka makaa machache yaliyokwisha kuiva na kuanza kuota majivu, juu ya kifuniko weka mengi zaidi. Lakini zingatia tofauti moja. Mkate unataka mvuke ubaki ndani, granola inataka utoke. Kwa hiyo kila baada ya dakika saba au nane funua, geuza, acha mvuke upae, ufunike tena. Ikishashika rangi, ondoa makaa ya juu na iache dakika kumi bila kufunikwa juu ya joto linalofifia la chini.

Iwe oveni, iwe jiko la mkaa, lipo jambo moja linalowapoteza watu: granola ikitoka motoni ni laini. Sio kwamba haijaiva. Asali ikiwa ya moto ni laini, na hukaza inapopoa. Anayeirudisha motoni akingoja ikauke humo humo, huiunguza. Ukiwa na shaka, chota kijiko kimoja, kimwage kwenye sahani baridi, usubiri dakika mbili, utafune. Ikivunjika kwa mlio, imetosha. Ikinata kwenye meno, rudisha dakika tano. Wanaopenda mabonge waibane kwa mgongo wa mwiko ingali ya moto na wasiiguse tena mpaka ipoe kabisa, ndipo waivunje kwa mikono. Ute wa yai moja uliopigwa mpaka utoe povu, ukichanganywa kabla ya kuoka, huyafanya mabonge yawe imara zaidi. Njia hii ni ya wenye oveni tu.

Ikishapoa, ifungie. Hapa watu wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja wana kazi kuliko watu wa Iringa au Nairobi. Asali hunyonya unyevu hewani, na wakati wa masika sinia lililoachwa wazi usiku mmoja huamka limelegea. Mara tu inapokuwa baridi kabisa ukiigusa, na si kabla, maana ikiwa na uvuguvugu itatoa jasho ndani ya chupa, itie kwenye chupa za kioo au makopo yenye kifuniko kinachobana. Chupa nne ndogo ni bora kuliko kopo moja kubwa linalofunguliwa na kila mtoto kila asubuhi. Weka mbali na jiko na dirisha. Itakaa wiki tatu bila wasiwasi. Ikilegea, itandaze kwenye trei, dakika nane kwa nyuzi 150, au kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo, na mlio utarudi. Lakini ikiwa na harufu ya mafuta yaliyochacha, hiyo itupe, kwa sababu kuipasha hakusaidii.

Kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, granola hii si chakula chake kabisa, na sababu ni asali. Inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuvizuia, na moto wa jikoni hauviui. Kwa watoto walio chini ya miaka mitano, karanga na korosho nzima zinaweza kukwama kooni, kwa hiyo zisage au uziponde kwenye kinu kabla ya kuchanganya, na mtoto ale akiwa ameketi. Kama yupo anayedhurika na karanga, toa karanga zote na uweke mbegu za maboga na alizeti, usimtengenezee sehemu yake kwenye trei ile ile. Na babu au bibi ambaye meno yamepungua asiachwe nje ya meza: mwagieni maziwa ya moto, mfunike dakika kumi, itakuwa laini na bado ina ladha ya kuokwa. Wengine huinyunyiza juu ya uji wa ulezi, vijiko viwili kwa bakuli, na nadhani hiyo ndiyo njia bora ya kumzoesha mtu mzima asiyependa chakula kigeni asubuhi. Juu ya mtindi na papai haihitaji kuelezwa.

Ukishaimudu hii ya msingi, punguza oti. Nyingi zinatoka nje na bei yake hupanda. Mbegu za mchicha nafaka, zile nyeupe ndogo, hupasuka na kuwa bisi. Pasha sufuria yenye kifuniko mpaka tone la maji likimbie juu yake, tia kijiko kimoja tu cha mbegu, funika, tikisa. Ndani ya sekunde chache zimepasuka. Zimwage nje upesi na utie kijiko kingine. Ukitia nyingi kwa mara moja, nusu zitaungua kabla ya nyingine kupasuka. Zikiwa tayari, vikombe viwili vya bisi hizi vinaweza kuchukua nafasi ya kikombe kimoja cha oti, ila ziingize mwisho kabisa pamoja na nazi, kwa kuwa zimeshaiva.

Matunda makavu hayaingii motoni. Zabibu kavu, embe au nanasi lililokaushwa, vyote hugeuka vigumu visivyotafunika vikiokwa. Vichanganye granola ikiwa baridi, kiganja kimoja au viwili kwa kilo nzima, na hakikisha ni vikavu kweli, maana tunda lenye unyevu hulegeza chupa yote kwa siku mbili. Embe, kwa mfano, likikunjwa likanata vidoleni bado halijafaa. Tende ni bora zikae pembeni kabisa. Zitoe kokwa, zikatekate, zigaragaze kwenye unga kidogo wa oti ulizosaga ili zisigandane, uziweke kwenye kopo lake, na kila mtu achote za kwake wakati wa kula.